Upasuaji wa kifafa kwa watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kuanzia zamani mpaka Mbale, Uganda

Kwani kifafa kinapasuliwa? Si ni ugonjwa wa dawa tu?

Kinapasuliwa, na hii kitu imeanza zamani kuliko wengi wanavyodhani, zaidi ya miaka 130 sasa. Lakini tuelewane mapema: watoto wengi dawa inawatosha. Shirika la Afya Duniani linasema mpaka watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na wakizimeza kila siku. Wanaobaki, kama theluthi moja hivi, wanameza dawa vizuri kabisa na bado wanaanguka, na kati yao wapo ambao kifafa chao kinaanzia sehemu moja tu ya ubongo ambayo daktari anaweza kuifikia. Ukurasa huu ni kwa ajili ya wazazi wa hao, manake ndio wanachelewa kuliko wote.

Zamani kabla ya hospitali watu walifanyaje?

Walitoboa fuvu. Mafuvu yenye matundu ya kutobolewa na binadamu yamechimbwa sehemu nyingi duniani, mengine ya maelfu ya miaka, na mengine mfupa umeota pembeni ya tundu, yani mwenyewe aliishi. Si yote yalitobolewa kwa sababu ya kifafa lakini inadhaniwa kwamba kifafa kilikuwa moja ya sababu, pengine wengine walitaka kutoa pepo na wengine kutoa damu mbaya. Na wakati huohuo, kama miaka 2400 iliyopita, maandishi ya waganga wa Ugiriki wa shule ya Hippocrates yalishasema wazi kwamba huu ugonjwa unatoka kwenye ubongo kama magonjwa mengine yanavyotoka mwilini na hauna uhusiano na miungu. Miaka 2400! Na bado ukienda vijijini huku kwetu utasikia mtoto karogwa, au mate yake yanaambukiza, mpaka anaungua kwenye jiko watu wamesimama wanaangalia kwa sababu wanaogopa kumshika. Mate hayaambukizi. Mshike, mtoe kwenye moto, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni.

Nani hasa alianza upasuaji wa kifafa tunaoujua leo?

Hapa kuna watu kadhaa na kila mmoja alileta kipande chake. Kuna daktari wa London anaitwa John Hughlings Jackson, huyu hakupasua mtu, alikuwa anaangalia tu. Miaka ya 1860 na 1870 alikaa akitazama vile wagonjwa wanavyoanza kuanguka: mwingine inaanza kidole gumba, inapanda mkono, inafika usoni, ndio mwili wote unafuata. Akasema kama inaanza kidole gumba kila siku basi kuna sehemu moja ya ubongo inayoshughulika na kidole hicho na hapo ndipo penye shida. Watu hawakumwamini sana. Mwaka 1870 Wajerumani wawili, Fritsch na Hitzig, wakagusa ubongo wa mbwa kwa umeme kidogo na mguu wa upande wa pili ukaruka, halafu David Ferrier akarudia kwa nyani, ikaonekana Jackson alikuwa anasema ukweli.

Mwaka 1879 William Macewen kule Glasgow akapata msichana wa miaka 14 mwenye uvimbe juu ya jicho la kushoto na mshtuko uliokuwa unampiga uso na mkono wa kulia. Wakati huo hakuna eksirei, hakuna skani, eksirei yenyewe iligunduliwa 1895. Macewen akaangalia mwili unavyoruka, akakisia mahali, akafungua, akatoa uvimbe. Msichana akapona akaishi miaka 8 zaidi.

Ile siku ambayo vitabu vinaihesabu sana lakini ni tarehe 25 mwezi wa 5 mwaka 1886, hospitali ya Queen Square London, Victor Horsley akampasua kijana wa miaka 22. Huyu kijana aligongwa na gari la farasi akiwa mtoto, fuvu likabonyea, kovu likabaki kwenye ubongo, na baadaye akaanza kuanguka, mpaka ikafika anaanguka mara nyingi sana kwa siku. Jackson na Ferrier walikuwepo wanaangalia. Horsley akatoa kovu na kuanguka kukaisha. Mimi hiki kisa nakipenda kwa sababu moja, jeraha lilikuwa la utotoni na msaada ukamfikia akiwa mtu mzima, miaka yote ya katikati imepotea. Ndivyo inavyotokea kwa watoto wetu mpaka leo.

Walijuaje ndani ya ubongo bila kuuona?

Kwa muda mrefu walijua kwa kuangalia mwili tu. Kilichobadilisha mambo ni EEG, zile waya zinazobandikwa kichwani. Hans Berger, daktari wa mji wa Jena Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, akakaa nayo miaka mitano ndio akaitangaza 1929. Kufika 1935 madaktari wa Boston walishaonyesha mchoro wa kile kifafa cha watoto ambacho mtoto anakodoa macho sekunde chache halafu anaendelea kuandika kama hakuna kitu, mawimbi matatu kila sekunde. Huyo mtoto mwalimu anamchapa anasema anaota ndotoni darasani, kumbe. Kwa njia, kifafa cha aina hiyo hakipasuliwi, kina dawa zake na wengi kinawaisha wakikua.

CT skani, mashine inayopiga picha za ndani ya kichwa, ikaja 1971, MRI inayoonyesha kwa undani zaidi ikaingia hospitalini miaka ya 1980, na hapo ndipo kovu dogo la milimita chache likaanza kuonekana bila kufungua kichwa.

Ni kweli mgonjwa anapasuliwa akiwa macho?

Saa zingine, kweli. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, kinachouma ni ngozi na utando wa juu, hizo zinatiwa ganzi. Aliyeifanya hii njia ijulikane dunia nzima ni Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, ambaye taasisi yake ilifunguliwa 1934. Kabla ya hapo alikwenda Ujerumani kujifunza kwa Otfrid Foerster aliyekuwa akipasua askari waliopata kifafa kwa majeraha ya vita. Penfield anagusa sehemu kwa umeme mdogo, mgonjwa anasema mkono umecheza, au ulimi umekataa kuongea, au anasikia wimbo wa zamani, na daktari anaweka kikaratasi chenye namba hapo. Akimaliza anajua wapi pa kukata na wapi ni mwiko. Dada yake mwenyewe Penfield alikuwa na kifafa kutokana na uvimbe wa ubongo na alimpasua yeye mwenyewe mwaka 1928, alipata nafuu kwa muda lakini uvimbe ulirudi.

Mtoto mdogo hawezi kutulia hivyo kwa hiyo wengi wanalazwa usingizi kabisa, na uchunguzi unafanywa kabla.

Mtoto wangu alipata degedege akiwa mdogo, sasa ana kifafa. Vinahusiana?

Vinaweza kuhusiana, na hili swali lina historia yake. Miaka ya 1950 Murray Falconer, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifanya kazi London, aliamua kutoa ile sehemu ya ubongo ya ubavuni mwa kichwa, karibu na sikio, ikiwa kipande kimoja kizima badala ya kuinyonya vipande vipande, ili wa maabara waione vizuri. Wakakuta wengi wana kovu gumu sehemu ya ndani, na ukiuliza historia, wengi walipata degedege refu la homa wakiwa wadogo. Falconer akaanza kusema kwa sauti kwamba hawa wapasuliwe wakiwa watoto, wasingoje mpaka shule imewashinda na hawana kazi wala ndoa.

Kwetu hapa ongeza malaria ya kichwani, homa ya uti wa mgongo, mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, ajali za boda, na minyoo ya nguruwe. Degedege fupi la homa la dakika chache kwa mtoto wengi haliachi kitu, usikae na hofu. Linaloogopesha ni lile refu, likipita dakika tano kimbia hospitali usiku uleule, usingoje asubuhi.

Nimesikia kuna watoto wanatolewa nusu ya ubongo. Hiyo si hadithi?

Si hadithi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu bara letu limo ndani. Wa kwanza kutoa upande mzima wa ubongo walikuwa wanafukuza kansa, Walter Dandy wa Baltimore aliandika habari yake 1928, na wagonjwa hao hawakupona kansa. Mwaka 1938 Kenneth McKenzie wa Toronto akafanya kwa sababu ya kifafa, kuanguka kukaisha, lakini dunia haikusikia sana. Halafu mwaka 1950 Rowland Krynauw wa Johannesburg, Afrika Kusini, akaandika habari za watoto na vijana 12 waliopooza upande mmoja tangu utoto, alitoa ule upande wa ubongo ulioharibika na wengi wao kifafa kikaacha, hata tabia za fujo zikatulia. Ripoti hiyo ndiyo iliyofanya hospitali za Ulaya na Marekani zianze kufanya. Watu wanasema Afrika tunapokea tu, hapana, hii ilitoka kwetu ikaenda kwao, japo kusema ukweli Johannesburg ya 1950 haikuwa hospitali ya kila mtoto, ubaguzi ulikuwa sheria.

Kwa nini mtoto anaishi na nusu? Kwa sababu ule upande ulioharibika ulikuwa haufanyi kazi yake na bado unausumbua mzima, na ubongo wa mtoto mdogo unaweza kuhamisha kazi, hata lugha inahamia upande wa pili kama ni mapema. Mtoto anatembea, anaongea, anakwenda shule. Mkono wa upande mmoja unabaki dhaifu, vidole hasa, na haoni vizuri vitu vya upande huo, hayo hayarudi na mzazi aambiwe kabla ya kusaini.

Sasa miaka ya 1960 ikaja habari mbaya. Waliopasuliwa wakaanza kuumwa tena miaka mingi baadaye, wengine wakafa, kwa sababu lile pengo tupu lilikuwa linavuja damu kidogo kidogo na maji yanajaa kichwani. Madaktari wengi wakaacha. Theodore Rasmussen wa Montreal ndiye aliyeokoa njia hii miaka ya 1970: akatoa sehemu ya katikati na ile ya karibu na sikio tu, iliyobaki akaiacha mahali pake na damu yake lakini akakata mawasiliano yote, ipo lakini haiongei na wenzake. Baadaye Ufaransa, Ujerumani na Kanada wakapunguza zaidi, leo wanaingia kwa nafasi ndogo na kazi kubwa ni kutenganisha.

Na daktari Ben Carson wa Marekani, ambaye makanisa mengi ya Uganda yanamjua, mwaka 1985 alimpasua mtoto wa miaka minne pale hospitali ya Johns Hopkins aliyekuwa akishtuka mpaka mara 100 kwa siku. Hakuwa wa kwanza duniani kama watu wanavyopenda kusema, lakini yeye na daktari John Freeman waliirudisha njia hii wakati wengi walikuwa wameiogopa, na hiyo heshima inawatosha.

Kuna upasuaji mwingine usiotoa kitu?

Upo wa kukata daraja linalounganisha pande mbili za ubongo. William Van Wagenen wa Rochester, New York, alitoa ripoti ya kwanza mwaka 1940. Unasaidia hasa mtoto anayeanguka ghafla puu! kama amesukumwa, kila siku ana jeraha jipya usoni. Mara nyingi haumalizi kifafa, unapunguza hizo anguko. Kutokana na wagonjwa kama hao Roger Sperry alichunguza kazi za pande mbili za ubongo, akapata tuzo ya Nobeli 1981.

Kipo pia kifaa kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua na waya unapanda kwenye neva ya shingo. Mtu wa kwanza aliwekewa 1988, Marekani wakakiruhusu 1997. Kinapunguza kwa wengi, kinamaliza kwa wachache, na bei yake ni kubwa.

Upasuaji uliwahi kuharibu mtu?

Ndiyo, na lazima isemwe. Mwaka 1953 kule Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua Henry Molaison, mtu wa miaka 27 ambaye kifafa kilimwanza utotoni. Akatoa sehemu za ndani za kumbukumbu pande ZOTE mbili. Kifafa kilipungua sana lakini tangu siku hiyo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya, anakutana na daktari yuleyule kila siku kama mgeni, mpaka alipofariki 2008. Ndio sababu leo hakuna anayethubutu kutoa pande zote mbili, na ndio sababu kabla ya upasuaji mtoto anapimwa kumbukumbu na lugha. Ukiambiwa vipimo ni vingi, vingine vina asili kwenye maisha ya huyo mtu.

Kuna ushahidi au ni maneno ya madaktari wanaopenda visu?

Ushahidi upo na mzuri kuliko wote kwa watoto umetoka India, si Ulaya. Hospitali ya AIIMS ya New Delhi mwaka 2017 ilitangaza matokeo ya watoto na vijana 116 ambao dawa zimewashinda. Kwa kura, wengine wakapasuliwa haraka na wengine wakaendelea na dawa wakisubiri foleni ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa 77 kati ya 100 hawakuanguka tena, wa dawa peke yake walikuwa 7 kati ya 100. Lakini theluthi moja ya waliopasuliwa walipata madhara makubwa, mengi yakiwa udhaifu wa upande mmoja ambao kwa aina ile ya upasuaji ulitarajiwa. Soma vyote viwili, usisome namba ya kwanza ukafunga simu.

Na Uganda historia yetu ikoje?

Upasuaji wa ubongo ulianza rasmi hospitali ya Mulago, Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1960 na daktari Ian Bailey, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akarudi nyumbani Jovan Kiryabwire, Mganda wa kwanza kusomea kazi hiyo. Fikiria muda aliorudi, banange, ni wakati wa Amin, wataalamu wanakimbia nchi, vifaa hakuna. Kwa miaka mingi kazi ilikuwa kuokoa waliopigwa na waliogongwa, kifafa kilikaa nyuma ya foleni. Mwaka 2007 chuo cha Duke cha Marekani kikaanza ushirikiano na Mulago, wakaleta vifaa na kufundisha wapasuaji wetu.

Ila kwa watoto jina ni Mbale. Hospitali ya watoto ya CURE ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya watoto wa vichwa vikubwa, na Benjamin Warf akatengeneza pale njia ya kutibu maji kichwani bila kuweka mpira wa kuyatoa, ambayo leo inafundishwa nchi nyingine. Hapohapo Mbale daktari Warren Boling na wenzake wakajaribu kupasua kifafa cha ile sehemu ya karibu na sikio, wakitumia EEG ya video na CT skani kwa kuwa MRI haikuwepo, na matokeo wakayachapisha mwaka 2009 kuonyesha kwamba inawezekana nchi kama yetu kwa kuchagua wagonjwa vizuri. Hiyo ni habari kubwa ambayo wazazi wengi wa Busia, Tororo, hata Mbale mjini hawajawahi kuisikia, wanauza ng'ombe kupeleka mtoto kwa mganga ilhali hospitali iko safari ya taksi moja.

Watoto wa kaskazini wanaotikisa kichwa je, wanapasuliwa?

Hapana. Ule ugonjwa wa kutikisa kichwa wa Kitgum, Pader na Lamwo unagusa ubongo mzima, hakuna sehemu moja ya kutoa. Umehusishwa na minyoo inayoenezwa na usubi wa mitoni, na baada ya serikali kuongeza ivermectin, dawa ya minyoo hiyo, na kupulizia mito kuanzia 2012 wagonjwa wapya walipungua sana. Waliokwishaugua wanahitaji dawa za kifafa, chakula na shule.

Nitajuaje mtoto wangu anafaa?

Kanuni ya dunia nzima tangu 2010: kama dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, dozi sahihi, zimemezwa kila siku, na bado anaanguka, hicho ni kifafa kinachokataa dawa na mtoto atumwe kwa wataalamu. Usingoje dawa ya tano. Lakini uwe mkweli na musawo, yani daktari, kama dawa ziliisha kituoni ukakaa mwezi bila, au ulimpa nusu kidonge ili zifike, hiyo haihesabiki kwamba dawa imeshindwa, na najua si kosa lako wakati stoo ya kituo iko tupu.

Andika shajara: tarehe, saa, ilianza wapi, mkono gani, macho yaligeukia wapi, dakika ngapi. Mpige video kwa simu. Kumbuka Jackson na Macewen hawakuwa na mashine, walitumia macho, na macho yako ndiyo yanayomuona mtoto usiku. Peleka hiyo video, na barua kutoka kituo cha afya, na chupa za dawa zote alizotumia.

Hatari zake ni zipi leo?

Damu kuvuja, vidonda kuingia vijidudu, udhaifu, matatizo ya kuona upande mmoja au ya lugha kutegemea mahali. Kifo kipo lakini kwenye hospitali zenye uzoefu ni nadra. Na upande mwingine wa mizani ni huu, mtoto anayeendelea kuanguka naye ana hatari: anazama kwenye ndoo au ziwani, anaungua, anafariki usingizini. Kukaa nyumbani nako ni uamuzi wenye gharama yake.

Akishapasuliwa anaacha dawa siku hiyohiyo?

Hapana kabisa, na hapa ndipo wengine wanaharibu kazi nzuri. Mtoto anarudi nyumbani na dawa zilezile, na hata akikaa miezi bila kuanguka anaendelea kumeza mpaka daktari wake aanze kupunguza, polepole, moja baada ya nyingine, kwa wengi ni baada ya mwaka mmoja au miwili. Wengine wanaacha zote, wengine wanabaki na moja ndogo. Kwa hiyo kabla ya kuondoka wodini uliza dawa zitapatikana wapi karibu na nyumbani, na kliniki ya marudio ni lini.